Tulivyompata William: uzoefu wangu na vitabu vya parokia za Norfolk na Suffolk

Nimeolewa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, nikitokea Tanga. Kwetu mtu akiulizwa ukoo wake huanza kutaja fulani bin fulani bin fulani mpaka msikilizaji achoke. Baba mkwe wangu hakuweza. Babu yake alimjua kwa sura, baba wa huyo babu alimjua kwa picha moja iliyopauka, na nyuma ya hapo alikuwa na jina tu: William, kibarua wa shambani aliyefariki mwaka 1849. William alizaliwa wapi na wazazi wake walikuwa nani, hakuna aliyejua. Mzee alimtafuta tangu alipostaafu. Macho yalipoanza kufifia akanikabidhi faili zake, akisema nyumba nzima ni mimi peke yangu ninayeuliza habari za wafu.

Jina la ukoo silitaji, wenyewe wamenikataza. Ila naandika kwa sababu Waswahili waliooa na kuolewa huku ni wengi, na nyumbani wapo wenye babu Mwingereza aliyekuja enzi za ukoloni. Sehemu kubwa ya kazi hii unaweza kuianza ukiwa Tanga, Mombasa au Muscat, ukiwa na simu na bando.

Familia yenyewe ilikuwa na hadithi yake. William, walisema, alitoka kwa watu wenye mali waliomdhulumu urithi. Nimeshakutana na watafutaji wengi tangu hapo na karibu kila familia ina hadithi ya urithi uliopotea. Iandike, usiitupe, lakini usiifuate.

Tulianza na vyeti, kwa sababu unatakiwa kuanzia kwa unayemjua na kurudi nyuma hatua moja moja. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo katika Uingereza na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Faharasa ya ofisi kuu ya usajili iko mtandaoni bure, na kwa vizazi inaonyesha hata jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Wakati ule cheti cha karatasi kilikuwa pauni 11 na nakala ya PDF pauni 7. Bei zimepanda baadaye. Pauni 7 inaonekana ndogo mpaka uwe na akina William watano wa umri mmoja katika wilaya moja, nawe unataka kuwaondoa mmoja mmoja. Mwezi wa kwanza nilitumia fedha ambazo mume wangu alidhani ni za umeme. Nashauri usome faharasa mpaka uichoke kabla ya kununua chochote.

Cheti cha kifo kilisema alikuwa na miaka 41, kwa hiyo alizaliwa mwaka 1808 au karibu na hapo. Aliyetoa taarifa ni mkewe, naye aliweka alama ya msalaba badala ya sahihi. Umri kwenye cheti cha kifo ni makisio ya aliyebaki hai, kwa hiyo nilitafuta kuanzia 1804 hadi 1812.

Nyuma ya 1837 serikali haipo, ni kanisa tu. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko. Vingi vya mwanzo vilikuwa vya karatasi na vimepotea. Mwaka 1598 ikaamriwa viandikwe upya kwenye ngozi, na kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu. Nakala hizo ni mkombozi wako kitabu chenyewe kikiwa kimeliwa na panya au kimelowa. Huku katika dayosisi ya Norwich miaka mingi zilikwenda kwa mashemasi wakuu, wasaidizi wa askofu, badala ya askofu mwenyewe, kwa hiyo usikate tamaa ukiona pengo kwenye za askofu, tafuta na zile nyingine.

Jambo ambalo ningependa kila anayeanza alijue ni kwamba kitabu cha kanisa hakisajili kuzaliwa. Kinasajili maji yaliyomwagwa kichwani siku fulani mbele ya kasisi fulani. Mtoto angeweza kubatizwa ana wiki mbili, au ana miaka sita pamoja na wadogo zake wote siku moja, au asibatizwe kabisa kwa kuwa wazazi walisali kwa Wabaptisti. Na maelezo utakayoyapata yanategemea mwaka. Tangu Machi 1754 ndoa zote, isipokuwa za Waquaker na Wayahudi, zilipaswa kufungwa katika kanisa la Anglikana, na maharusi na mashahidi kuweka sahihi au alama. Tangu Januari 1813 ubatizo uliandikwa kwenye fomu iliyochapwa, yenye makazi na kazi ya baba, na maziko yakawa na umri. Jina la baba wa bwana harusi liliingia kwenye cheti cha ndoa mwaka 1837 tu.

William alioa 1832 na alizaliwa kama 1808. Yaani kila mara alipita kabla maelezo mapya hayajaanza kuandikwa. Ndoa yake ina majina mawili, misalaba miwili, mashahidi wawili, na maneno kwamba wote ni wa parokia hiyo, karibu na mji wa Diss. Maneno hayo humaanisha walikuwa wakiishi hapo wakati wa kutangazwa ndoa Jumapili tatu mfululizo. Hayasemi kwamba walizaliwa hapo. Faili za mzee zilijaa miaka ya kutafuta katika parokia hiyo na majirani zake kwa sababu ya maneno hayo.

Kisha kuna miti ya ukoo ya mtandaoni. Katika tovuti moja kubwa ya kulipia, miti zaidi ya kumi ilikuwa na William wetu, yote ikimpa wazazi walewale na ubatizo uleule wa 1808 kaskazini mwa Norfolk. Baba mkwe aliamini, nani asingeamini? Akachapisha mti huo kwa rangi, akautia fremu, akautundika kwenye korido. Mimi nilifungua kitabu cha maziko cha kijiji hicho kwa kutafuta jambo jingine kabisa. Machi 1809: William, mtoto mchanga, mwana wa wazazi hao hao. Watu zaidi ya kumi walikuwa wamenakiliana mtoto aliyezikwa hajatimiza mwaka na kumpa mke na watoto sita.

Tangu siku hiyo sikubali ubatizo wowote kabla ya kupekua maziko ya miaka kumi inayofuata katika parokia hiyo. Inachosha, maana watoto walikufa wengi, na kuna jioni nilifunga kompyuta kwa sababu nilishindwa kuendelea kusoma orodha ya watoto wa homa moja katika kijiji kimoja. Lakini ndiyo kazi. Mzee alipoambiwa hakusema neno, alikwenda akaishusha fremu mwenyewe. Ukuta ulibaki na alama nyeupe ya mstatili karibu mwaka mzima, nami kila nikipita niliiona kama deni langu.

Kilichotusaidia ni herufi moja. Sensa ya 1841 si tajiri: umri wa watu wazima uliagizwa ushushwe hadi tano iliyo karibu, na uhusiano wa watu ndani ya nyumba haukuandikwa. Kijiji cha kuzaliwa kinaanza kutajwa 1851, William akiwa kaburini. Lakini sensa ya 1841 iliuliza swali moja: umezaliwa katika kaunti hii? Mkewe aliandikiwa Y (ndiyo), watoto Y, William N (hapana). Mzee alikuwa ameiona karatasi hiyo ila katika maandishi yaliyochapwa upya na mtu mwingine, na mwandishi huyo hakuinakili safu ile. Tazama picha ya ukurasa wenyewe kila unapoweza. Anayenakili huacha anachodhani hakina maana.

Kusini mwa Diss kuna mto Waveney, ndio mpaka wa Norfolk na Suffolk. Si mto wa kutisha. Mtoto anavuka kwa mtumbwi akiimba. Kwa kibarua wa 1808 ulikuwa mwendo wa asubuhi kwenda sokoni. Kwa watafutaji ni ukuta, kwa sababu vitabu vya ng'ambo viko katika hifadhi ya kaunti nyingine na katika mikusanyiko tofauti ya tovuti. Chukua ramani, weka kidole kwenye kijiji cha ndoa, chora duara la maili kumi na usijali mipaka.

Nilipekua FreeREG, faharasa ya vitabu vya parokia ambayo ni bure na hutengenezwa na watu wa kujitolea, na FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, nayo bure ukijiandikisha. Tovuti za kulipia kama Ancestry nilizisomea maktaba ya mtaa, maktaba nyingi za umma huku zina leseni. Jina la ukoo halikutokea upande wa Suffolk. Nikajaribu tahajia zote nilizoweza kuzibuni, maana makarani waliandika walichosikia, na lafudhi ya watu hawa hata leo inanishinda. Hamna.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma vitabu ukurasa kwa ukurasa badala ya kutegemea kisanduku cha kutafutia. Zoea vifupisho: Wm ni William, Thos ni Thomas, Jas ni James, na Jno, ajabu, ni John. Herufi s katikati ya neno mara nyingi ni ndefu kama f. Kabla ya 1733 utakuta pia Kilatini. Ukikwama kwenye neno, tafuta herufi hiyo katika neno jingine unalolijua la mwandiko huohuo, kisha rudi.

Kusoma hivi kuna malipo yasiyotarajiwa. Humo nilikutana na mtu mzima aliyebatizwa kwa jina moja tu, ameelezwa kuwa ni Mweusi, mtumishi wa nyumba kubwa, hana baba wala mama wala kijiji. Nilikaa naye muda mrefu. Watu wetu wa bara la Afrika wamo katika vitabu hivi tangu zamani: Mary Fillis, mwenye asili ya Morocco, alibatizwa London mwaka 1597. Wao ndio kweli waliopotea. Wa kwangu alikuwa na mto mmoja tu wa kuvuka.

Katika kijiji kimoja cha Suffolk, ubatizo wa Aprili 1808, kulikuwa na William. Jina la ukoo lilikuwa jingine kabisa. Mama alikuwa Mary, msichana asiyeolewa, na mbele ya jina la mtoto kasisi ameandika “base”, yaani aliyezaliwa nje ya ndoa. Baba hakutajwa. Nilimwandika pembeni nikaendelea mbele. Kurasa za ndoa za kijiji hichohicho, mwaka 1811, Mary huyo anaolewa na mwanamume wa ng'ambo ya mto, upande wa Norfolk. Jina la ukoo la bwana harusi lilikuwa ndilo jina la mume wangu, ndilo jina la wanangu.

Nilisimama, nikazunguka meza. Lakini moyo kudunda si ushahidi. Nilikuwa na dhana nzuri tu, kama ile ya wale wenye miti mtandaoni, kwa hiyo nikaanza kwa kupekua maziko. William wa Mary hakuzikwa pale utotoni.

Mzee mmoja wa kujitolea katika chumba cha kusomea nyaraka ndiye aliyeniambia nitafute karatasi za maskini. Kila parokia ilikuwa na wajibu wa kuwalisha maskini wake kwa kodi ya wenyeji, na tangu sheria ya 1662 ilikuwa lazima ijulikane mtu ni maskini wa parokia ipi. Mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa wa parokia aliyozaliwa. Ndiyo maana wasimamizi wa maskini wa parokia walimhoji binti mjamzito mpaka amtaje mwanamume, kisha wakamfuata huyo alipe, kodi isije ikaongezeka. Hawakujali heshima ya mtu, walijali shilingi. Mtu asiye na shamba wala wosia hakuandikwa popote mpaka alipogharimu wengine fedha, na hapo waliandika kila kitu. Ningeanzia huko ningeokoa miaka.

Nilikwenda Ipswich, kwenye jengo la nyaraka za Suffolk liitwalo The Hold. Treni kutoka Norwich hupita Diss na kuuvuka Waveney muda mfupi baadaye. Ukipanga safari ya namna hii, ulizia kabla kama nyaraka unazotaka ziko tawi hilo na kama zinaagizwa mapema. Beba kitambulisho chenye anwani, penseli (kalamu ya wino hairuhusiwi), sweta na chakula. Kupiga picha mara nyingi kuna ada yake. Na usione haya kumuuliza mhudumu. Nilidhani lafudhi yangu ingewachosha, kumbe wanapenda maswali kuliko watu wanaokaa kimya wakibomoa karatasi.

Amri ya matunzo ilikuwepo. Mahakimu wawili wamemwamuru mwana wa mkulima wa kijiji hicho alipe shilingi 1 na peni 6 kwa wiki kwa ajili ya mtoto wa kiume wa Mary. Daftari la wasimamizi linaonyesha fedha zikiingia, wakati mwingine kwa kuchelewa, mpaka William ana kama miaka saba, kisha zinakatika.

Bado hapakuwa na karatasi inayosema William huyu ndiye yule wa Diss. Hiyo sikuipata Ipswich. Ilikuwa Norwich, mwendo wa basi kutoka kwangu, katika karatasi za parokia ileile ya Norfolk alikooa, ambayo sisi sote tulikuwa tumesoma ubatizo, ndoa na maziko yake na kudhani tumemaliza. Januari 1833, kazi za shambani zimekauka, William aliomba msaada, akapelekwa mbele ya mahakimu kuhojiwa ni maskini wa wapi. Anasema ana miaka ipatayo 24. Anasema alizaliwa nje ya ndoa katika kijiji kile cha Suffolk, kama alivyoambiwa na mama yake Mary, na kwamba tangu utoto anatumia jina la mume wa mama yake. Chini kuna msalaba wake, na pembeni jina la mkewe. Ni ukurasa mmoja na nusu. Hatuna sauti yake nyingine yoyote.

Kumweleza baba mkwe nilikuogopa kuliko utafutaji wenyewe. Huku kwao kizazi cha wazazi wake kingelificha jambo hilo mpaka kaburini, na kwetu vilevile lingesemwa kwa mlango uliofungwa. Zaidi ya hapo, nilikuwa namwambia mzee wa miaka zaidi ya sabini kwamba jina alilolibeba maisha yote si la damu yake. Mume wangu alitaka tumpe habari nusu. Mimi nilikataa, nikamsomea karatasi ya 1833 neno kwa neno, taratibu.

“Alilipa?” akauliza. Nikamwambia alilipa miaka kama saba.

“Na huyu mwingine, mume wa mama?”

Nikamwambia huyo alimpa jina na hakuna karatasi inayoonyesha kuwa alidai chochote.

“Basi sisi ni wa huyo,” akasema, akaniomba nimsomee tena mahali William anapotaja jina la mama yake. Hadithi ya mali iliyodhulumiwa ilikuwa na chembe ya ukweli, maana mkulima yule alikuwa na ardhi. Mzee hakuvutiwa nayo.

Tumeendelea na upande wa Mary, na huko nyuma kuna mtego unaofaa ujulikane. Mpaka 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi. Nilimkuta bibi mmoja ameolewa Mei 1730 na mtoto wake amebatizwa Februari 1730, nikaanza kutikisa kichwa. Februari ile ilikuja baada ya Mei, si kabla, kwetu ni Februari 1731. Miezi tisa kamili. Siku hizi tarehe za Januari hadi Machi za kabla ya 1752 naziandika kwa miaka yote miwili, 1730/31, nisimsingizie mtu.

Kila jambo naliwekea maelezo ya nilikolitoa: hifadhi, namba ya jalada, ukurasa, na vilevile nilipotafuta nikakosa. Orodha ya kukosa ni ndefu kuliko ya kupata, na ndiyo inayonizuia nisirudie kitabu kilekile kila baada ya miezi sita.

Wenye ile miti mtandaoni nimewaandikia wote, kwa adabu, nikiambatisha picha ya ukurasa wa maziko wa 1809. Wawili walijibu, wakashukuru na kurekebisha. Mmoja alijibu kwamba mti wake una majina elfu kumi na hana muda. Waliobaki wako kimya, na humo mtoto yule wa kaskazini mwa Norfolk bado ameoa mwaka 1832, ana watoto sita, na kila mara kuna mtu mpya anamnakili.